Paka Alionja Kwanza

Kila mtu wa Kunduchi ana maelezo yake ya kilichomkuta mjukuu wangu, na mimi peke yangu ndiye nisiyekuwa nayo. Mwalimu Jabiri wa chuo cha Kurani anasema ilikuwa haramu. Bi Mwanakheri, fundi wa dawa za watoto, anasema ilikuwa zinaa. Gozbert, dresa, yaani mganga mdogo wa zahanati, anasema ilikuwa malaria. Wote wanalala usingizi mzuri. Mimi niliyepika, nikala, nikamshika mtoto mikononi, ndiye ninayezunguka na jambo hili kichwani mpaka leo sijui niliweke wapi.

Naitwa Mwamvita. Nilizaliwa wakati wa Majimaji, na watu husema hasira nilizaliwa nayo. Mwaka ninaousimulia, vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, ila shida zake zilikuwa hazijapata habari. Nguo zilikuwa za kibali, mchele ulikuwa wa mgao na nusu yake mawe, na nyama tuliijua kwa harufu tu ikipita kutoka kwa wenye nayo. Mwanangu wa pekee, Mfaume, alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Alipanga chumba Kariakoo na kuja nyumbani alipopata nafasi. Nyumbani nilibaki mimi, mkewe Mwajabu, na mwanawe Jamali ambaye alikuwa bado hajaota jino.

Mwajabu nilimpenda, na sioni haya kusema hivyo ingawa wenzangu wanaona mkwe ni mtu wa kugombana naye. Alikuwa mpole, anacheka kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo. Nilizoea kumtania kwamba upole wake unanipa sifa mbaya, kwa maana ugomvi wote wa nyumba ile ulitoka kwangu. Tulilala chumba kimoja, yeye na mtoto kitandani, mimi kwenye mkeka chini, kwa kuwa sikupenda kumwacha mzazi peke yake.

Ilikuwa miezi ya joto. Bahari ilituama kama maji ya beseni, na wavuvi wakaanza kulalamika. Walisema maji yameota utando wa rangi ya kutu, unaonata kwenye majani ya baharini na kwenye nyavu, ukiusugua hautoki. Samaki wengine walikutwa wakielea matumbo juu. Mimi si mvuvi, nilichojua ni kwamba ufuko ulinuka vibaya na wauza samaki walirudi na matenga matupu. Basi siku mdogo wangu Sadallah alipoletewa bahati ya kasa kwenye wavu wake, hakuna aliyeuliza mengi.

Sadallah alikuja mlangoni na fungu letu limefungwa kwenye jani la mgomba, anacheka. Alisema alipompasua alikuta tumbo limejaa majani ya baharini, na majani yenyewe yamevikwa utando ule ule wa kutu. Akasema hajawahi kuona mnyama asiyechagua chakula kama yule, isipokuwa yeye mwenyewe. Tukacheka naye. Mwalimu Jabiri alikuwa amekwisha kusema mara nyingi kwamba kasa haliwi, na nyumba nyingi zilimla vivyo hivyo, kila mtu amefunga mlango wake kana kwamba jirani hana pua.

Kwetu lakini kasa hapikwi hivi hivi. Wako kasa wenye sumu, si wote, mmoja mmoja, na kwa macho humtambui. Kwa hiyo kwanza anaonjeshwa paka. Unakata kipande cha ini, unampa, unangoja mpaka asubuhi. Paka akiamka salama, unawasha moto. Paka wetu alikuwa amezaa, watoto wake aliwaficha jikoni nyuma ya mitungi, na njaa ya kunyonyesha ilimfanya asiwe na adabu. Alilimaliza lile ini, akalamba jani, akaja kunililia apate jingine. Asubuhi nilimkuta mlangoni anajinyoosha, mzima kabisa. Nikakuna nazi.

Nilimpika kasa vizuri, kwa nazi nzito, ndimu na pilipili. Mwajabu alipata lililo bora, kama apatavyo mama anayenyonyesha: ini lote lililobaki na supu yenye mafuta, kwa kuwa ndiyo inayoleta maziwa. Sadallah alikula mpaka akashindwa kuinuka. Mimi nilikula kwa kiasi, si kwa adabu bali kwa sababu ya meno.

Jioni ile ndimi zilianza kutuwasha. Sadallah alilaumu pilipili yangu. Mimi nililaumu chokaa anayoipaka kwenye tambuu bila kipimo. Tulibishana hivyo kwa raha zetu, midomo inawaka. Mwajabu alisema tu kwamba koo limemkauka, akanywa maji, akamnyonyesha mtoto, akalala. Hakuna aliyelitilia maanani.

Kesho yake Jamali alilala sana. Mwanzoni tulifurahi, maana alikuwa mtoto wa kelele, na mama yake akapata muda wa kufua. Baadaye tulipomwamsha anyonye, hakuamka sawasawa. Alivuta kidogo, akatapika, akarudi kulala. Shingo ilimlegea kama ya kuku aliyechinjwa. Nilimpuliza usoni, nikamtia maji baridi miguuni, akafumbua macho kidogo tu, akanitazama kama mtu asiyenijua. Hapo ndipo woga uliponiingia, na haukutoka.

Nilimwita Gozbert. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, kijana nadhifu wa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, anayesema Kiswahili kwa uangalifu kana kwamba amekiazima na atakirudisha. Alimgusa mtoto paji la uso, akamfungua macho, akamsikiliza kifua. Hakuwa na joto. Gozbert alimgusa tena paji la uso, kisha akasema malaria nyingine hujificha, akasaga kwinini, akatuambia mtoto anyonye, anyonye sana, apate nguvu. Simlaumu. Uso wake ulionyesha wazi kwamba hajui, na jioni alirudi bila kuitwa kumtazama tena.

Tukamnyonyesha. Mwajabu aliketi amemwekea ziwa kinywani, akimbembeleza, akimkamulia tone kwa tone alipokosa nguvu za kuvuta. Na kadiri alivyonyonya ndivyo alivyozidi kulegea.

Ndipo akaja Bi Mwanakheri. Huyu alikuwa amewatibu watoto wa nusu ya mji, na alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Alimminya mtoto paja, akamvuta ngozi ya tumbo, akamtazama mama yake kutoka utosini hadi vidoleni.

"Mtoto huyu amebemendwa," alisema.

Kila mzazi wa pwani analijua neno hilo na analiogopa. Maana yake ni kwamba mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, kisha akarudi akamshika na uchafu wake, na uchafu ule unamla mtoto taratibu mpaka aishe. Bi Mwanakheri alisema dawa anayo. Lakini dawa haishiki mpaka aliyetenda aseme kwa kinywa chake mbele ya watu. Akikaa kimya, mtoto anakufa. Mume yuko mjini, mke kijana yuko hapa, na macho yote yakahamia kwa Mwajabu.

Mwajabu aliapa kwa Mungu kwamba hajatenda. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mtu mwoga na mtu mwenye hatia husikika sawa. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia Bi Mwanakheri kwamba mkwe wangu analala nami chumba kimoja, akigeuka kitandani mie naamka. Akanijibu kwa upole wake ule unaoudhi kwamba hata mchana pana vichaka. Nilitafuta mwiko wa kumtwangia. Hata hivyo, sitadanganya, usiku ule nilijikuta nikizipitia moja moja safari zote za Mwajabu za kisimani, na nikajichukia.

Tulimpelekea Mfaume habari kwa dereva wa lori la samaki. Mpaka kesho yake mchana watu walikuwa wamejaa uani. Mwalimu Jabiri alikuja kusoma dua, na kabla ya dua alitukumbusha habari ya kasa na haramu. Bi Mwanakheri aliketi karibu na Mwajabu na kumwambia kila baada ya muda, bila ukali, aseme tu, mtoto apone. Wanawake wengine walimsihi hivyo hivyo. Nilimwona Mwajabu anaanza kuchoka. Nilimwona anamtazama mwanawe, halafu anafumbua mdomo, halafu anaufumba, na nikafahamu kwamba karibu atakubali jambo ambalo hakulifanya, ili tu tiba ianze.

Sikuweza kuvumilia. Nilikwenda jikoni, nikijidanganya kwamba nafuata maji.

Harufu ndiyo iliyoniita nyuma ya mitungi. Paka alikuwa amelala ubavu, na watoto wake wote walikuwa wamekufa. Alikuwa akiwasukuma kwa pua kuelekea kwenye chuchu zake, mmoja baada ya mwingine, na chuchu zilikuwa zimevimba maziwa. Aliponiona aliinuka, akaja kujisugua miguuni kwangu. Alikuwa mzima. Macho yake safi, manyoya yake yanang'aa.

Nilisimama pale na kata mkononi, nikasahau maji. Wale watoto hawakula ini. Macho yao yalikuwa ndiyo kwanza yamefunguka. Hawakuwahi kutia kinywani kitu kingine isipokuwa maziwa ya mama yao. Mama alikula kasa, na mama mzima, watoto wamekufa. Nilifikiria utando wa kutu kwenye majani, majani kwenye tumbo la kasa, kasa kwenye chungu changu, ini kwenye sahani ya Mwajabu. Uchafu wa bahari ulikuwa umetembea kutoka kinywa hadi kinywa, kila aliyeupokea akimpa mwenzake, na aliye mdogo kuliko wote alikuwa wa mwisho.

Lakini hata nilipokuwa nikifikiri hivyo, fikira zenyewe zilinikataa. Mbona Sadallah, aliyekula kuliko sote, alikuwa pwani anavuta wavu, analalamikia ulimi tu? Mbona mimi mzima? Sumu gani inayomwacha aliyekula ikamkamata asiyekula? Kichwa kiliniwanga. Hata hivyo miguu ilikuwa imeshaanza kutembea.

Niliingia ndani, nikamnyakua Jamali kifuani kwa mama yake.

"Asinyonye tena," nilisema. "Hata tone."

Mwajabu alinitazama. Watu wote walikuwa wamesema kwamba ubaya unatoka kwake, na alikuwa amebakiwa na mimi tu.

"Hata wewe, Mama?"

Nilijaribu kueleza. Nilisema paka, nikasema ini, nikasema utando, maneno yakatoka yamechanganyika, ya mwisho yakitangulia ya kwanza. Nilisema sikusudii alilodhani. Mwalimu Jabiri alidhani naungama kula haramu, akaniitikia kwamba nimefanya vizuri sana. Bi Mwanakheri alimwambia mwenzake kwamba uchungu umempanda bibi kichwani. Na Mwajabu hakuwa anasikia. Alijifunika kifua kwa kanga, akageukia ukutani.

Nilimtuma mtu kumwambia Sadallah anitafutie maziwa ya mbuzi, naye alileta haraka. Niliyachemsha, nikayapoza, nikachovya kitambaa safi na kumtilia Jamali tone moja moja kwenye kona ya mdomo. Mengi yalimwagika shingoni. Nilikuwa katika kazi hiyo Mfaume alipofika, amejaa vumbi la barabara, shati la kazini bado mwilini.

Alimwona mwanawe, akasimama pale pale. Bi Mwanakheri akaanza kumweleza habari ya kubemendwa, na kwamba mtu mmoja lazima aseme. Nilitaka kuwahi. Nilimwambia, "Mfaume, usisikilize hayo, hii ni habari ya kasa," lakini mwanangu alikuwa ameshachuchumaa sakafuni, mikono kichwani.

"Mwacheni Mwajabu," alisema. "Ni mie."

Waliokuwa uani wakasogea mlangoni.

"Yuko mwanamke Kariakoo. Nilikuja nyumbani mara ile ya mwisho nimetoka kwake, nikamshika mtoto bila hata kuoga. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni, nimemuua mwanangu."

Alilia mbele ya wanaume wenzake na mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Mimi mama yake sijui nilisikia nini zaidi, aibu, au hasira, au huruma. Vyote vilikuja pamoja, nami nimepakata mtoto na kikombe cha maziwa ya mbuzi. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo yangemwinua pale sakafuni. Lakini alichokisema kilikuwa kweli. Ilikuwa kweli ya jambo jingine, imeingia mahali ambapo haikuitwa, na nilishindwa kujua namna ya kuitoa.

Mwajabu aligeuka kutoka ukutani. Alimtazama mumewe muda mrefu. Hakulia.

Bi Mwanakheri alishusha pumzi, akafungua kifurushi cha majani yake. Baba, mama na mtoto wakaoshwa kwa maji ya dawa. Akatoa amri kwamba mtoto asiguse ziwa la mama yake mpaka dawa imalize kazi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyegombana na maziwa yangu ya mbuzi. Matiti ya Mwajabu yalivimba yakawa mawe. Alikuwa akienda nyuma ya nyumba kuyakamua kwenye kifuu, akimwaga shimoni na kufukia, meno yameumana kwa maumivu, nami nikimsikia nisiwe na la kumsaidia.

Jamali alifumbua macho taratibu. Kwanza alikataa kuoshwa uso, na sijawahi kufurahia ukorofi wa mtoto kama siku ile. Halafu alilia kwa njaa. Halafu akapiga kelele zake za zamani mpaka majirani wakajua. Mji mzima ulijua na sababu. Gozbert alifurahi kwamba kwinini imefanya kazi. Mwalimu Jabiri alimshukuru Mungu kwa toba yetu. Bi Mwanakheri alipewa jogoo wake, na sifa zake zikafika mpaka Mbweni. Alipoamuru mtoto arudishwe kwa mama yake, niliogopa kulala. Nilikesha nimemshika mguu, nikihesabu pumzi zake. Asubuhi aliamka analilia kunyonya tena.

Mfaume naye alibadilika. Aliniambia ameachana na yule mwanamke, na namwamini. Alikuwa anatembea kama mtu aliyetua mzigo. Siku moja, akimrusha mwanawe juu na kumdaka, aliniambia, "Mama, ulimi wangu huu ndio uliomponya." Nilimtazama. Aliweka aibu yake hadharani kwa ajili ya mtoto, na pengine ndilo jambo la kiume kuliko yote aliyopata kufanya. Nimwambie kwamba mtoto alilewa sumu ya kasa, na kwamba angenyamaza mtoto angepona vile vile? Na je, nina hakika? Nilimwambia asimrushe juu sana.

Mwajabu hakugombana na mtu. Alimpikia mumewe, alimfulia, alimjibu alipoulizwa. Kisha Mfaume aliporudi kazini, nilimkuta anakunja kanga zake na kuzipanga kwenye kitambaa. Alisema anakwenda kwao Mbweni. Sikuuliza atarudi lini, kwa maana alikuwa anachukua na kinu chake.

Niliketi kando yake kwenye mkeka. Safari hii nilieleza vizuri, kwa utaratibu, tangu utando wa bahari mpaka watoto wa paka. Nilimwambia kwa nini nilimpokonya mtoto, na kwamba sikumdhania ubaya siku ile. Nilimwambia nisichokijua pia, habari ya Sadallah na ulimi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto amelala mapajani mwake.

"Nakuamini, Mama," alisema. "Mie mwenyewe nilikwenda jikoni baadaye, nikawaona wale watoto wa paka."

Nilimshika mkono, nikamwambia basi, kama ni hivyo, Mfaume hakumdhuru mtoto. Woga tu ndio uliomfanya aseme amemuua. Aliyemdhuru ni kasa.

Mwajabu alivuta ncha za kitambaa, akafunga fundo, akalikaza.

"Ni kasa, sawa. Lakini niambie, Mama, kama mtoto asingeugua, Mfaume angeniambia lini?"

Nilimbeba Jamali mgongoni mpaka njia panda ya Mbweni, mama yake akinitangulia na mzigo kichwani. Pale alinyoosha mikono, nikamfungua mtoto kanga, nikampa.